Mimba zinatoka na TSH, kipimo cha tezi ya shingoni, imesoma 7.4: ni tezi kweli, au natafutiwa tu sababu?

Fundi_Sare

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Naomba mtu anieleweshe maana kila ninayemuuliza ananipa lake. Nina miaka 33, ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Buguruni. Nimeshapoteza mimba tatu, zote changa. Ya kwanza nilijipa moyo, nikasema haya mambo hutokea. Ya pili nikanyamaza, hata mama sikumwambia. Hii ya tatu, ya mwezi wa kumi na moja, niliambiwa kwenye ultrasaundi kuwa mtoto hana mapigo ya moyo. Nikasafishwa, nikapewa antibayotiki, nikaambiwa nipumzike halafu tujaribu tena. Nikauliza tunajaribu tena nini, wakati hakuna aliyetafuta kwa nini zinatoka? Yule kijana akatazama foleni iliyojaa mlangoni, na mimi nikaitazama, nikachukua mkoba wangu.

Februari nikaenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Kabla hajanigusa akauliza, "Mwanangu, hilo sweta la nini?" Sasa fikirieni wenyewe: Dar es Salaam, Februari, feni limekufa, watu kwenye benchi wanajipepea na kadi za kliniki, mimi nimefunga vifungo mpaka kooni. Nimeshazoea. Mafundi wenzangu wananiita Mama Makete kwa ajili ya hilo sweta (na kwetu ni huko kweli, Njombe kwenye baridi, ila mimi nimezaliwa Ilala). Akauliza habari za nywele, akauliza choo, akauliza hedhi, kisha akanibonyeza shingo huku nameza mate. Ndipo akaandika vipimo.

Majibu haya hapa. TSH, ile inayoisukuma tezi na hupanda tezi ikichoka, 7.4, karatasi inasema mwisho 4.2. FT4, yaani homoni ya tezi yenyewe, iko ndani ya kiwango. Kingamwili za TPO, zile zinazoonyesha kinga ya mwili inaishambulia tezi, 310, mwisho 34. Akasema tezi yangu ya thairoidi imeanza kuchoka, akaniandikia levothairoksini ya maikrogramu 50 kila asubuhi, na nisishike mimba kwanza mpaka turudie kipimo.

Nilitoka pale na raha, angalau kitu kimepata jina. Raha yenyewe haikukaa. Daktari mwingine anayefahamiana na mume wangu akasema 7.4 ni kidogo, haitoi mimba, nisijifunge dawa ya maisha bure. Wifi yangu anasema ni chango, na nimechelewa kwenda Bagamoyo kwa mtu anayemjua yeye. Mama naye kasema bibi yangu alikuwa na rovu kubwa shingoni na alizaa watoto tisa, kwa hiyo mambo ya shingo hayahusiani na kizazi. Hapo mama alinimaliza, sikuwa na la kumjibu.

Vidonge viko mezani, sijaanza. Ni tezi kweli, au natafutiwa tu sababu ili nitulie? Shingo yangu haijavimba hata kidogo.

Tabibu_Asilia

Hilo ni chango la uzazi dada, hiyo tezi wanakuzuga. Kuna dawa ya mizizi mitatu, ukinywa mimba haitoki tena. Njoo chemba.

Mama_Twaha

Wewe wa mizizi hebu kaa pembeni kidogo, watu wanaongea.

Dada Fundi pole sana. Mimi ninao ugonjwa huo huo wa kinga ya mwili kuishambulia tezi, wanauita Hashimoto, ni jina la daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Mimi yangu ilikuwa mbaya kuliko yako, TSH ilipita 20, uso umevimba asubuhi kama nimelia usiku kucha, na nilishapoteza mimba kabla haijajulikana. Hakuna daktari aliyewahi kuniapia kuwa tezi pekee ndiyo iliyozitoa. Ila nilitibiwa, ikatulia, nikashika mimba, na leo Twaha yuko chekechea anavunja vikombe vyangu.

Nataka nikuambie habari za kumeza maana hapo ndipo watu wengi dawa inawapita tu. Kile kidonge kina wivu, hakitaki mwenzie tumboni. Unaamka, maji matupu, unameza, halafu unangoja nusu saa mpaka saa nzima ndipo unywe chai. Mimi nameza nikiamka kuswali alfajiri, mpaka watoto wa jirani waanze kupiga kelele mimi nimeshamaliza kungoja. Uji wa lishe wenye soya usiwe kitu cha kwanza. Na vile vidonge vya damu tunavyopewa kliniki, FEFO, usithubutu kuvimeza pamoja, madini ya chuma yanaishika ile homoni isiingie mwilini. Masaa manne yapite. FEFO mimi niliipeleka usiku baada ya kula. Kalsiamu ni hivyo hivyo, na zile dawa nyeupe za kiungulia.

Halafu usikiweke dirishani jikoni. Joto letu hili pamoja na mvuke wa masufuria vinakimaliza nguvu. Kiache kwenye pakiti yake, kabatini chumbani.

Kuhusu dawa ya maisha: nilivyoelezwa mimi, ni homoni ile ile ambayo tezi ilitakiwa kuitengeneza. Sijawahi kuona ajabu yake.

Dk_Zamu_ya_Usiku

Fundi, pole. Nafanya kazi wodi ya wazazi hapa hapa Dar. Sijakuona wala sijakubonyeza shingo, kwa hiyo dozi namwachia yule mama. Nitakachofanya ni kueleza jambo lenyewe lilivyo.

Nianze na bibi yako, maana mama yako ameuliza swali zuri kuliko wote. Rovu la Makete na tezi yako ni vitu viwili tofauti. Nyanda za juu kusini udongo wake una madini joto kidogo sana. Tezi ikikosa madini joto hutanuka ili inase hicho kidogo kilichopo, na wengi wenye rovu bado walikuwa wanatengeneza homoni ya kuwatosha, wakazaa na kulea. Si wote lakini. Kule ambako upungufu ulikuwa mkali kulikuwa na mimba zilizotoka, watoto waliozaliwa wafu na wengine waliozaliwa na mtindio wa akili, na ndiyo sababu Serikali iligawa vidonge vya mafuta ya madini joto mikoani, kisha miaka ya 1990 ikaweka sheria ya chumvi kutiwa madini joto. Bibi yako alizaa tisa. Sina hakika kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza alishika mimba ngapi.

Wewe unakula chumvi ya pakiti Buguruni, na TPO yako ni 310. Shida yako si madini joto, ni kinga ya mwili wako inaila tezi pole pole. Tezi ya namna hiyo inaweza isivimbe kabisa, wakati mwingine husinyaa. Shingo laini haikuambii chochote.

Sasa tuje kwenye mimba. Mtoto tumboni hana tezi inayofanya kazi mpaka karibu wiki ya 12, na hata hapo hajitoshelezi, anaendelea kumtegemea mama mpaka kama katikati ya mimba. Wiki zote za mwanzo homoni anayotumia ni ya mama, inapita kwenye kondo la nyuma. Mama mwenye tezi nzima huongeza uzalishaji mapema sana, tangu wiki ya nne hadi ya sita, yaani wakati wengine hata hawajajua kuwa hedhi imechelewa kwa sababu gani. Tezi iliyochoka inaombwa iongeze na haina cha kuongeza. Ndiyo maana tezi iliyo chini ya kiwango isipotibiwa huongeza hatari ya mimba kutoka, presha ya mimba na mtoto njiti. Upande wa pili pia upo: tezi inayozidisha kazi, ile ya mapigo ya moyo kwenda mbio na kukonda huku unakula, nayo inaharibu mimba. Dawa zake ni nyingine, na mojawapo, kabimazoli, haifai miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo mwenye hiyo aongee na daktari kabla ya kushika mimba.

Wewe Fundi uko katikati. TSH imepanda, FT4 bado inashikilia. Hapo ndipo madaktari wawili wanaweza kugombana na wote wana la kusema. Tafiti zinaonyesha kuwa wanawake wenye TSH iliyopanda, hasa wakiwa na TPO pia, hupoteza mimba zaidi ya wenzao. Kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba hiyo ndiyo iliyotoa zako. Lakini miongozo ya mwaka 2017 ya madaktari wa tezi wa Marekani, ambayo wengi tunaifuata, inasema mjamzito mwenye TSH iliyovuka kiwango na TPO juu atibiwe, na mwanamke anayemeza dawa huku akitafuta mimba TSH yake ishuke chini ya 2.5. Kwa hiyo hukutafutiwa sababu. Ningekuwa mimi ningeandika vile vile, na ningekuambia uanze leo.

Kitakachoniudhi ni daktari akiona TSH akafunga faili. Mimba changa zinazotoka, karibu nusu au zaidi, kiini chenyewe kilikuwa na kasoro ya kromosomu, zile nyuzi za urithi, tangu mwanzo, hakuna kidonge ambacho kingeishikilia. Na mwanamke aliyepoteza mimba mara mbili au tatu anastahili kutazamwa kote. Ambacho ningekitafuta kabla ya vyote kwako ni kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazoifanya damu igande hovyo na kuziba mishipa ya kondo. Hiyo nayo ni kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe, na magonjwa ya jamii hii yana tabia ya kukaa kwa mtu mmoja. Inatibika: aspirini ndogo na sindano za heparini wakati wa mimba. Kipimo chake kikisoma vibaya kinarudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu hata maambukizi ya kawaida yanaweza kukipandisha kwa muda.

Halafu ultrasaundi ya mtu anayejua kutazama umbo la mfuko wa uzazi, kama kuna ukuta katikati au uvimbe wa faibroidi ulioingia ndani. Sukari. Kupima kromosomu zenu wewe na mume ni ghali, ningekuweka mwisho.

Fundi_Sare

Dokta asante, nimesoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu. Kaka yule wa 7.4 ni kidogo amepunguziwa sifa humu ndani kwetu. Na Mama Twaha umenichekesha, nimeshahamisha pakiti kutoka juu ya friji, maana lile friji letu juu linachemka.

Leo nimeanza. Sasa kuna jingine. Shoga yangu tunayekaa naye meza moja pale kiwandani kwetu (nakiita kiwanda, ni vyerehani sita chini ya bati) alipoona nimepimwa naye akaenda. Na yeye mimba zilishatoka. TSH yake 1.9, FT4 nzuri, ila TPO zimepanda kuliko zangu. Mwenye duka la dawa kamwambia ameze kama ninavyomeza mimi kwa sababu TPO ndiyo adui. Anaomba tugawane pakiti mpaka mwisho wa mwezi. Nimpe?

Dk_Zamu_ya_Usiku

Usimpe.

Swali lake limeshajibiwa vizuri kuliko lako. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019, unaitwa TABLET: wanawake 952 wenye TPO juu na tezi inayofanya kazi sawasawa, wote walishawahi kupoteza mimba au kutafuta mtoto kwa shida. Nusu wakapewa levothairoksini ya 50 kuanzia kabla ya mimba, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliojifungua mtoto hai baada ya wiki 34 walikuwa asilimia 37.4 kwa waliomeza dawa na 37.9 kwa wasiomeza. Hakuna tofauti. Mwaka 2022 ukatoka mwingine, ulioanzia Uholanzi, wa wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara wenye hali kama ya shoga yako, nao haukuona faida. TPO ni dalili kwamba kinga ya mwili iko hivyo, na kuishusha TSH ambayo iko sawa tayari hakuibadilishi hiyo kinga.

Ambacho TPO inamfanyia ni kumuonya. Tezi yake inaweza kuchoka mimba ikiingia, hivyo akishika mimba apime TSH mara moja, na arudie kila baada ya wiki nne mpaka katikati ya mimba. Ikipanda, ndipo atibiwe. Na kipimo cha damu kuganda kinamhusu kama kinavyokuhusu wewe.

Akimeza bila kuhitaji, moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka, na wewe utaishiwa dawa kabla ya tarehe ya kurudi.

Maabara_Sinza

Naongezea la upande wetu. Dada zangu wengi siku hizi wanameza vidonge vya nywele na kucha, vile vya kununua mtandaoni, vina biotini nyingi kweli kweli. Biotini inavuruga mashine nyingi za kupima tezi: TSH inasoma chini kuliko ilivyo, FT4 inasoma juu, daktari anadhani tezi inazidisha kazi kumbe mgonjwa anakuza nywele. Acha angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na kama dozi ni kubwa acha zaidi. Wewe Fundi uliyeulizwa habari za nywele usije ukashawishika.

La pili, kupima ndani ya wiki chache baada ya mimba kutoka kunaweza kuleta namba za kupotosha, tezi inakuwa bado inatulia. Wewe ulipima miezi mitatu baadaye, hiyo ni sawa. Baada ya kuanza dawa, TSH inataka kama wiki sita ndipo ionyeshe dozi imefika wapi. Anayepima baada ya wiki mbili anapoteza hela. Na ukiweza rudia maabara ile ile, viwango vya mashine vinatofautiana.

Mama_Twaha

Hilo la biotini sikulijua, asante mwanangu.

Fundi, usisahau kumuuliza daktari wako sasa hivi, kabla ya mimba: siku kipimo cha mkojo kikisoma mistari miwili, nifanye nini siku hiyo hiyo? Mimi nilipewa maelekezo mapema, niongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani badala ya saba nimeze tisa, halafu ndipo nikapime. Sikungoja kliniki. Ukingoja kadi, kliniki wanaweza kukuambia uje mimba ikiwa na miezi mitatu, na hapo zile wiki alizozisema daktari zimeshapita.

Dk_Zamu_ya_Usiku

Sahihi, na hiyo ya tisa badala ya saba ndiyo kanuni yenyewe kwa waliokwisha kuwa kwenye dawa, ila akuandikie daktari wako kulingana na TSH yako ya wakati huo. Pia mimba ikiingia na ukaona damu, hata matone, usilale nayo nyumbani. Kwa mwanamke aliyewahi kupoteza mimba na sasa anatokwa na damu, projesteroni ya kuweka ukeni inaweza kusaidia. Siyo kumpa kila mjamzito "kushikilia mimba" kama inavyofanyika mitaani, ni huyu anayetokwa na damu.

Fundi_Sare

Nimeyaandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma.

Mawili ya mwisho. Wifi amekata tamaa na Bagamoyo, sasa ameleta unga wa mwani kutoka Zanzibar, kasikia madini joto yanatibu tezi. Na kile kipimo cha damu kuganda, hospitali niliyoulizia leo wanasema wao hawana, wanachukua damu na kuituma kwingine. Nikubali?

Dk_Zamu_ya_Usiku

Mwani mwachie wifi asugulie uso. Madini joto unayahitaji, ukiwa mjamzito kama maikrogramu 250 kwa siku, na chumvi yenye madini joto, samaki na maziwa vinakupeleka huko. Tezi inayoshambuliwa ikimwagiwa madini joto mengi kwa mkupuo inaweza kuzidi kugoma, na kijiko cha unga ule huwezi kujua kimebeba kiasi gani. La damu namwachia mtu wa maabara.

Maabara_Sinza

Kutumwa si tatizo, vipimo hivyo havifanywi kila mahali. Uliza mambo haya. Wanapima vyote vitatu, yaani lupasi antikoagulanti, antikadiolipini na beta-2 glaikoproteini? Wengine wanapima kimoja wanakwambia uko salama. Damu ya lupasi inatakiwa itenganishwe, maji yake yawekwe kwenye friza yawe barafu mapema kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo uliza inafanyika hapo hapo au inapanda bodaboda ikiwa nzima. Ikiwa ni bodaboda, nenda mwenyewe kwenye maabara kubwa inayopima, utoe damu huko. Na upime sasa ukiwa hujaanza heparini wala huna mimba, kwa sababu heparini inakivuruga hicho cha lupasi. Kufunga kula hakuhitajiki. Nenda asubuhi siku ya kazi, Ijumaa mchana sampuli zinalala.